Mche wa grefe Musonoi: mali unayoweza kuhama nayo



Katika mitaa ya Kolwezi, parsele nyingi zina muti wa avoka au wa mwembe. Muulize mwenye nyumba ulitoka wapi, atakujibu: «Nilikula avoka, nikatupa mbegu, njo ikaota.» Muti huo unatoa kivuli, watoto wanacheza chini yake, na majirani wanakuja kuomba matunda. Lakini mwingine alipanda mbegu ya avoka tamu sana aliyonunua sokoni, akaumwagilia maji, akangoja miaka 8, na siku ulipozaa akakuta tunda la maji-maji, mbegu kubwa, nyama kidogo.

Mwezi huu tunazungumza juu ya kugrefe nyumbani. Vitabu vya kilimo vya Tanzania vinaita kazi hiyo kubebesha, na Wakenya wengi wanasema kupandikiza. Kazi ni ile ile: kuchukua kijiti cha muti mzuri na kukiunganisha na mche mchanga wenye mizizi, mpaka viwe muti mmoja. Tumechagua Musonoi kwa makusudi. Hapo parsele ni ndogo, mgodi uko karibu, udongo una mashaka, na hakuna anayejua kwa hakika atakaa muda gani. Kwa watu wa mahali kama hapo, mche wa grefe ndani ya kifuko una faida ambayo muti uliokwisha kushika ardhini hauna.

Kwa nini mbegu inadanganya

Mbegu ya avoka ni mtoto wa wazazi wawili. Ua la muti wa mama limepokea vumbi la ua la muti mwingine, pengine wa jirani wa tatu. Kwa hiyo mtoto hafanani kabisa na mama. Anaweza kuwa mzuri zaidi, lakini mara nyingi anakuwa wa kawaida tu, na huwezi kujua mpaka azae. Kijiti kilichokatwa kwenye muti si mtoto: ni muti ule ule. Ukikigrefe, tunda litakuwa lile lile ulilolipenda.

Mfano mkubwa ni avoka inayoitwa Hass, yenye ganda gumu linalogeuka jeusi ikiiva. Ilianza na muti mmoja tu, ulioota kutoka mbegu katika shamba la Rudolph Hass, mtu aliyefanya kazi ya posta huko California, Marekani. Aliuandikisha mwaka 1935. Muti wenyewe ulikufa mwaka 2002, lakini miti yote ya Hass duniani, hata ile ya Murang'a nchini Kenya na ya Njombe nchini Tanzania, ni vijiti vilivyotoka kwake, mkono kwa mkono. Hakuna hata mmoja uliotokana na mbegu peke yake.

Jambo hilo linatuhusu sisi wa Lualaba moja kwa moja. Kama mtaani kwenu kuna muti mmoja ambao kila mtu anasema «avoka ya pale njo avoka», yenye mafuta, isiyo na nyuzi, muti huo unaweza kuwa mama wa miche mia. Si lazima kungoja mbegu za kigeni wala gari kutoka Lubumbashi. Mkimpata mwenye kuuza vijiti vya Hass au Fuerte anayeaminika, vizuri. Msipompata, anzeni na muti bora wa mtaa wenu.

Faida ya pili ni muda. Muti wa avoka wa mbegu unaweza kukaa miaka 5 hadi 10, pengine zaidi, kabla ya kuzaa. Wa grefe kwa kawaida unaanza mwaka wa 3 au wa 4, kwa sababu kijiti kimetoka kwenye muti uliokwisha kukomaa. Mwembe pia unafuata hesabu inayokaribiana na hiyo. Mwenye parsele ambaye hana uhakika wa miaka 10 anaweza kuthubutu kwa miaka 3.

Udongo na maji: tuseme ukweli

Katika nchi yetu ya shaba, wazee walijua vilima visivyo na miti. Majani na maua madogo tu yanaota juu yake, kwa sababu udongo una shaba na kobalti nyingi mno kwa mizizi ya miti. Hiyo ni kazi ya Mungu. Lakini kuna pia uchafu ulioletwa na kazi ya binadamu. Bonde la mto Musonoi, unaoshuka kuelekea Lualaba, lilipokea kwa miaka mingi mabaki ya madini yaliyosagwa kutoka Kolwezi. Vumbi la barabara za malori nalo linatua juu ya majani.

Kwa hiyo tunashauri mambo manne:

Usimwagilie miche kwa maji ya mto Musonoi. Tumia maji ya bomba, ya mvua au ya kisima unachokiamini.

Usijaze vifuko kwa udongo wa kando ya mgodi, wa mtaro wa kiwanda, wala wa mahali watu wanapooshea au kutwangia madini. Tafuta udongo wa juu wa porini, mbali na barabara. Udongo wa kichuguu kikubwa, ambao wakulima wa kwetu wanaujua vizuri, unafaa kuchanganywa: una udongo wa mfinyanzi, na mara nyingi si mchachu.

Kama mahali pa kupandia pana udongo mchachu, chimba shimo pana, tia samadi iliyooza sana na chokaa kidogo au majivu. Udongo usio mchachu unaifunga shaba, mizizi inapata nafuu.

Osha kila tunda kabla ya kulikata, kwa sababu vumbi linakaa juu ya ganda. Kwa kawaida, mboga za majani na mizizi zinabeba uchafu wa udongo na vumbi kuliko matunda ya miti. Kwa familia iliyo karibu na mgodi, muti wa matunda ni chaguo la busara kuliko lengalenga lililopandwa kando ya barabara.

Ndiyo sababu tunasisitiza pepinieri ya vifuko. Ndani ya kifuko wewe ndiye unayechagua udongo. Na kifuko kinabebeka.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Tunaanza na avoka, kwa sababu mbegu zake hazikosekani. Akina mama wanaouza sokoni na wenye malewa wanazitupa kila siku.

1. Kupanda mbegu. Chukua mbegu kutoka tunda lililoiva muti mwenyewe ukiwa na afya. Usiokote chini mbegu iliyooza. Osha, kausha kivulini, panda ndani ya wiki mbili au tatu, maana mbegu ya avoka haikai. Upande mpana unakaa chini, ncha inachungulia juu kidogo. Kifuko kiwe na upana wa sentimita 15 na urefu wa sentimita 25 hivi, kimetobolewa chini. Bidoni iliyokatwa au kopo kubwa pia linafaa. Changanya sehemu 3 za udongo wa juu, sehemu 1 ya samadi iliyooza na sehemu 1 ya mchanga. Mbegu inaota baada ya wiki 4 hadi 6, pengine zaidi kukiwa na baridi.

2. Kungoja unene. Mche unakuwa tayari shina lake likifikia unene wa kalamu ya risasi. Kwa avoka ni baada ya miezi michache. Kwa mwembe ngoja zaidi, miezi 6 hadi 12.

3. Kuchagua kijiti. Panda juu ya muti mama uliouona ukizaa kwa macho yako. Chagua ncha za matawi yanayopata jua, zenye unene sawa na mche wako, na macho yaliyovimba lakini bado hayajafunguka. Urefu wa sentimita 10 hadi 15 unatosha. Kwa mwembe, kata majani ya tawi hilo siku 7 hadi 10 kabla, ukiacha vikonyo vya majani, macho yatavimba. Kwa avoka, ondoa majani siku ya kukata. Funga vijiti ndani ya kitambaa chenye unyevu, tia ndani ya mfuko wa plastiki, weka kivulini. Tumia siku hiyo hiyo ikiwezekana.

4. Kukata. Kisu kiwe kikali kama wembe, kimepanguswa kwa alkoholi au maji ya javel. Kata kichwa cha mche kwenye urefu wa sentimita 20 hadi 25 kutoka udongo. Usikate chini zaidi: matone ya mvua yanarusha udongo wenye magonjwa kwenye kidonda. Pasua shina katikati, kina cha sentimita 3 au 4. Chonga mguu wa kijiti pande mbili kama kabari, urefu ule ule. Mchongo uwe wa mara moja au mbili, laini. Usiguse kidonda kwa vidole.

5. Kuunganisha. Hapa ndipo kazi inapofanikiwa au kufa. Chini ya ganda kuna utando mwembamba wa kijani. Ndio unaokua. Utando wa kijiti lazima ukutane na utando wa shina. Kama kijiti ni chembamba kuliko shina, usikiweke katikati: kisogeze upande mmoja mpaka ganda likutane na ganda.

6. Kufunga. Kata utepe wa plastiki laini wenye upana wa sentimita 1 hivi. Anza chini, zungusha kwenda juu, kaza, pasiwe na nafasi ya maji kuingia. Kisha vika kijiti chote kisashe kirefu chembamba cha plastiki kinachoonyesha ndani, ufunge chini ya kidonda. Ndani yake unyevu utabaki na kijiti hakitakauka.

7. Kutunza. Weka kivulini, chini ya paa la majani au chini ya muti. Mwagilia udongo, si kidonda. Baada ya wiki 3 au 4 macho yakifunguka, toboa kisashe, kisha siku chache baadaye kiondoe jioni. Kila chipukizi linalotoka chini ya kidonda, livunje kwa kidole: ni la mche wa mbegu, linamwibia chakula mgeni. Utepe uondolewe baada ya miezi 2 au 3, kabla haujalikaba shina.

Kwa machungwa, wengi wanatumia mlimau kama shina la chini, na badala ya kijiti wanachukua jicho moja tu lenye ganda lake na kulichomeka chini ya ganda la mlimau lililokatwa kama herufi T. Wakati mzuri ni wa mvua, ganda linapobanduka kwa urahisi.

Jamaa na jamaa

Kugrefe kunakubali ndugu tu. Mwembe juu ya mwembe, avoka juu ya avoka, chungwa juu ya limau. Chungwa juu ya mwembe, hata ukifunga vizuri namna gani, litakauka. Anayekuuzia mche wa namna hiyo, mwachie mche wake.

Mwenye kaktusi za mapambo ndani ya kopo nyumbani anaweza kufanyia mkono wake mazoezi, maana sheria ni ile ile. Kata kichwa cha kaktusi ndefu yenye nguvu, kata mguu wa ile ndogo, na uangalie katikati ya kila kidonda: kuna pete. Pete ya juu iguse pete ya chini, kisha bana kwa mipira ya kufungia, juu mpaka chini ya kopo. Kaktusi inashika baada ya wiki 2 hivi. Tofauti ni moja: kidonda cha kaktusi kinataka ukavu, usikivike plastiki wala kukimwagia maji, lakini cha avoka kinataka unyevu. Na angalizo kwa wazazi: ule muti wa uzio wenye maziwa meupe, unaofanana na kaktusi, si kaktusi. Maziwa yake yanaumiza macho vibaya. Usiwape watoto kuuchezea.

Kalenda ya kwetu

Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai inalaza miche. Kwa hiyo tunapendekeza mpango huu:

Februari hadi Aprili: panda mbegu za avoka.
Desemba na Januari: panda mbegu za mwembe, baada ya kuondoa ganda gumu la nje.
Juni na Julai: kinga miche na baridi, mwagilia kidogo. Usigrefe.
Mwisho wa Agosti hadi Oktoba: grefe, kabla macho ya miti mama hayajafunguka.
Desemba na Januari: hamishia miche iliyoshika ardhini au uuze, mvua ikiwa bado na miezi mbele yake.

Kazi ya ushirika, si ya mtu mmoja

Mtu mmoja anaweza kugrefe. Lakini faida inaonekana kazi ikigawanywa. Wengine wanakusanya mbegu sokoni, wengine wanachanganya udongo, wawili au watatu wenye mkono mzuri wanashika kisu, na mmoja anaandika. Kila familia inaweza kulaza vifuko 50 chini ya kivuli cha nyumba yake. Nafasi hiyo haizidi kitanda.

Fanyeni hesabu kabla ya kuanza. Tuseme mmepanda mbegu 60. Zikiota 45, miche 40 ikafika unene, na grefe 25 zikashika, basi gharama ya vifuko 60 inabebwa na miche 25. Bei yenu ihesabu hivyo. Mara ya kwanza wengi wanapoteza nusu. Msikate tamaa na msifiche. Andikeni tarehe, jina la aliyekata na muti mama uliotoa kijiti. Mwisho wa msimu daftari litawaambia ni kisu cha nani kinachoshikisha na ni muti gani unaokubali.

Lebo ni heshima yenu. Mteja atangoja miaka 3 kabla ya kujua kama mlimwambia kweli. Siku hiyo mtaa mzima utajua. Kama hamna hakika kijiti ni cha Hass, msiandike Hass. Andikeni «avoka ya Musonoi, yenye mafuta» na muuze kwa jina hilo.

Kwa walio bado kikundi tu: sheria ya ushirika ya OHADA, iliyopitishwa Lomé mwaka 2010 na inayotumika kwetu tangu Kongo ilipojiunga mwaka 2012, inaruhusu watu 5 kuanzisha ushirika wa aina rahisi. Pepinieri ya pamoja ni kazi nzuri ya kuanzia, maana haidai hekta.

Kama siku moja mtaambiwa muhame

Hatuwezi kulikwepa neno hili. Kasulo, hapa hapa Kolwezi, kobalti iligunduliwa mwaka 2014 chini ya parsele za watu. Mwaka 2017 familia nyingi zilihamishwa. Mitaa mingine karibu na mashimo inaishi na wasiwasi huo huo. Watu wanatuambia: «Kwa nini nipande muti, na kesho nitafukuzwa?»

Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, panda, na uandike. Sheria ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inampa mwenye haki juu ya ardhi fidia ya haki pale mgodi unapomnyima matumizi ya ardhi yake. Muti usioandikwa ni rahisi kusahaulika siku ya kuhesabu. Kila mwanashirika awe na ukurasa wake: idadi ya miti, aina, mwaka wa kupandwa, imeshazaa au bado, pamoja na picha za simu zenye mwenye parsele amesimama kando ya muti. Nakala moja ikae kwa katibu wa ushirika.

Pili, usiweke mali yote ardhini. Mche wa grefe ndani ya kifuko unapanda baiskeli, unapanda lori, unafika unakokwenda na jina la muti wake. Na hata kama muti mama utakatwa, vijiti vyake vikiwa kwenye parsele kumi za wenzako, haujafa. Ushirika wenye busara hauachi muti bora wa mtaa ukae mahali pamoja. Uweke angalau sehemu tatu, na moja iwe mbali na mgodi.

Maswali tunayoulizwa

«Mama ya jarida, Hass peke yake itazaa?» Itazaa, lakini itazaa vizuri zaidi ikiwa na jirani wa kundi lingine. Maua ya avoka yanafunguka mara mbili, mara moja kama ya kike na mara nyingine kama ya kiume, kwa saa tofauti. Hass na Fuerte zinapishana saa, kwa hiyo nyuki wanafanya kazi yao. Miti ya mbegu ya mtaani pia inasaidia.

«Muti wangu ni mkubwa na matunda yake mabaya. Niukate?» Si lazima. Unaweza kuukata kichwa, kungoja machipukizi mapya, na kugrefe juu ya machipukizi mawili au matatu yenye nguvu. Mizizi yake mikubwa itakusaidia kuzaa mapema.

«Shina la mbegu ya Musonoi lina maana gani kama juu ni Hass?» Lina maana kubwa. Mizizi ndiyo inayokutana na udongo wenu. Chukueni mbegu za miti mizee iliyoishi na kuzaa mtaani kwenu. Imeshaonyesha kwamba inavumilia.

Kabla ya toleo lijalo, tunaomba kila kikundi kifanye jambo moja: zungukeni mtaa wenu, onjeni, mkubaliane ni muti upi wenye avoka bora, mzungumze na mwenyewe kwa heshima juu ya vijiti, na mumwahidi miche miwili ya kwanza. Septemba ikifika, kisu kiwe kimenolewa.